Siku Yangu na Jozi Moja ya Pembe

Saa 12 asubuhi. Natoka Dagoretti, kwenye machinjio, nikiwa na gunia la pembe za ng'ombe za kutengenezea mipini ya visu. Makanga anashika pua, ananitoza nauli ya watu wawili. Silalamiki. Mwenzangu garini ananuka kweli.

Saa 2. Kibera, kibandani. Pembe mpya zinaingia kwenye pipa la maji. Baada ya wiki mbili tatu mfupa wa ndani utalegea, nitagonga pembe kwenye jiwe utoke wenyewe. Kisha nafungua jiriwa, chuma cha kubania, kutazama vipande nilivyobana jana, na roho inanyong'onyea: kimoja kimejikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Kijana ninayemfundisha alilegeza jiriwa jana pembe ingali na joto. "Fundi, nilidhani imekubali." Haijakubali. Pembe ikipashwa moto inalainika na unaweza kuinyoosha katikati ya vyuma viwili, lakini isipopoa ikiwa imebanwa, hurudia mviringo wake.

Saa 3. Tunarudia. Maji yanayotokota kwanza, halafu mafuta moto, dakika chache tu. Hapa hakuna saa inayokusaidia. Naibonyeza kwa koleo nione kama imelegea. Ukizidisha, matabaka yanaachana na kipande hakifai hata kifungo cha shati.

Saa 5. Simu. Mteja anataka mpini wa pembe ya nyati. Namwambia hapana, sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha na mimi nina watoto. Ananyamaza, kisha anauliza bei ya ng'ombe.

Saa 6. Kazi ninayoipenda. Ncha ya pembe haina uwazi ndani, ni imara, haihitaji kunyooshwa. Naipasua kwa urefu kwa msumeno wa mkono ili pande zote mbili za mpini zitoke mahali pamoja. Mpini ni kama doti ya leso: vipande viwili, nakshi moja. Ukichanganya pembe mbili tofauti, jicho la mteja litakuambia hata kama mdomo wake umenyamaza. Barakoa usoni, maana vumbi lake ni baya na harufu ni ya nywele zilizoungua.

Saa 8. Stima imepotea. Basi natumia tupa ya mkono. Upande wa ndani nausugua kwenye msasa namba 80 uliolazwa juu ya kioo, nikiuinua kila mara dhidi ya mwanga kutafuta upenyo. Huo siung'arishi, gundi inataka pa kushika. (Msasa, kwa wasiojua, ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi, majani yake yanakwaruza vivyo hivyo.)

Saa 10. Kisu cha wiki iliyopita, mpini tayari umegundishwa. Msasa namba 120, 240, 400, 600, halafu 1000 kwa maji. Hadi 400 unaona uchafu wa kijivu tu na unajuta. Kwenye 600 rangi ya asali inatokea, na mistari myeusi chini yake kama moshi. Stima inarudi, namalizia kwenye gurudumu la kitambaa bila kukandamiza, joto lisije likavimbisha pembe.

Saa 12 jioni. Kipande cha chapati kimo kwenye jiriwa. Nimefunga mkono wa jiriwa kwa waya, na kijana amecheka, lakini hakuugusa.