Irabu tano zimekaa, saba zimegoma

Jumamosi
Programu imeanza kwenda. Naipa idadi ya irabu, nayo inazitawanya ndani ya eneo ambalo mdomo wa mtu unaliweza, kila moja ikizikimbia nyingine. Wazo, kwamba irabu za lugha hujipanga kwa kukimbiana, ni la wanafonetiki Liljencrants na Lindblom, 1972. Nikaipa tatu: i, a, u, kama Kiarabu sanifu ukiacha urefu wa sauti. Nikaipa tano: i, e, a, o, u. Kiswahili hicho, na Kihispania, na Kigiriki; mpangilio wa tano ndio unaoongoza duniani. Nilitamba kidogo.

Jumanne usiku
Saba zimenitoa jasho. Kikuyu kina saba: tatu za ulimi mbele, tatu za ulimi nyuma, na a ya ulimi chini. Kiitaliano na Kiyoruba vivyo hivyo. Programu haitaki. Inarundika irabu juu, kati ya i na u, na kunitolea sauti kama ile u ya Kifaransa. Kumbe hata watu wa 1972 waliambulia ugonjwa huohuo.

Nikaenda kumrekodi shosho wa jirani, Mkikuyu.
“Shosho, niambie tena mũtĩ, polepole.”
“Kwani huo mti unakimbia?”
Kwenye Praat, programu ya kupima sauti, fomanti ya kwanza (mwangwi wa chini kabisa wa mdomo) ya ĩ yake, irabu iliyo kati ya i na e, ilikuwa juu ya ile ya i, pengo dogo lakini halikuyumba kila aliporudia. Sikio lake halihitaji zaidi ya hapo.

Alhamisi
Dawa nimeipata kwa Schwartz na wenzake wa Grenoble, 1997. Fomanti ya kwanza, inayofuata mdomo unavyofunguka, ina nguvu na inapenya hata kelele za soko. Ya pili, ya ulimi kwenda mbele na nyuma, ni hafifu. Kuzipimia sawa ni kulidhulumu sikio. Nimepunguza uzito wa ya pili, mstari mmoja tu wa msimbo, na irabu za katikati zikahamia pembeni zenyewe. Mbele pamenyooka. Nyuma, ũ (iliyo kati ya u na o) na o bado zinabanana.

Konsonanti sizigusi kwa programu hii. Kiarabu hakina p na Kiholanzi hakina g ya asili, na kukimbiana hakuelezi hilo. Kwa g ni suala la hewa: ulimi ukiziba kule nyuma, nafasi iliyobaki juu ya koo ni finyu, inajaa upesi na mtetemo wa nyuzi za sauti unakatika. Hiyo inataka programu yake. Kwanza nimalizane na ũ.