Usizime Taa

Binti yangu amerudi shuleni na kadi waliyogawiwa na watu wa gesi. Ukiikwangua kwa ukucha inatoa harufu ya yai viza, ili mtoto aijue mapema. Akaikwangua, akanibandikia puani nami nimeketi na chai yangu. "Baba, ushawahi kunusa ya kweli?" Nikamwambia nimewahi, tena kazini. Akataka kujua kama nyumba ililipuka. Haikulipuka. Basi hamu ikamwisha, akaenda kumsumbua kakake, akaniachia kadi na usiku mzima wa kuwaza.

Ilikuwa Februari 2019, bado niko chini ya mzee aliyenifunza kazi ya kukagua nyumba kabla hazijanunuliwa, sijapata leseni yangu. Mlionisoma tangu enzi za kufua mashuka ya hoteli mnamjua mzee: maneno machache, tochi mbili kiunoni, na hasira za bure kwa mtu anayekanyaga ngazi bila kuitazama. Nyumba yenyewe ilikuwa hapa hapa Lowell, Massachusetts, Marekani, ya mbao, ya zamani. Mnunuzi alikuwa dada mmoja wa Bukavu aliyekuwa akifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Muuzaji alikuwa bibi mjane wa Kizungu. Kwa kawaida mwenye nyumba huondoka wakati wa ukaguzi, lakini huyu alikataa kata kata. Alikaa jikoni na birika lake la umeme akatuambia tufanye kazi yetu.

Tulikagua paa, madirisha na bafu, mambo ya kila siku. Mwisho tukateremka besimenti.

Ngazi zilikuwa nyembamba, za kuteremka upande upande. Taa ilikuwa balbu moja tupu yenye mkufu wa kuvuta, na mzee alishaiwasha asubuhi tulipochungulia. Tulikuwa tumebakiza vipandio vichache harufu iliponifikia, na haikuwa ya kubahatisha. Kuna ile ya kusogeza pua kwenye kiungo cha bomba, ukanusa kidogo, ukapaka povu la sabuni, ukaona vijipovu viwili vitatu vinachomoza, ukaandika kwenye ripoti na kumwambia mwenye nyumba aite watu wa gesi leo hii. Hii ilikuwa imejaa chumba. Ilikuja kutulaki ngazini.

Mzee alisimama. Nami nyuma yake, mkono wangu ukaanza kupanda kuelekea kwenye mkufu wa taa. Si kwamba nilifikiri. Nimekulia Kisauni, Mombasa, nyumba ya tokeni za stima, ambamo kutoka chumbani ukaacha taa inawaka ni kesi ya kujibu mbele ya mama. Tunatoka, basi taa izimwe. Mzee alinishika kifundo cha mkono kabla vidole havijaufikia ule mkufu, akakishika kwa nguvu, na kwa sauti ya chini kabisa akasema, "Usizime. Usiwashe. Acha kila kitu kilivyo."

Niliuona mkufu ule ukining'inia kama shibiri moja kutoka kwenye kucha zangu. Una kishikio cha plastiki kilichogeuka manjano. Hata leo ningeweza kuuchora. Balbu iliyokwisha kuwaka imeshafanya ubaya wake wote. Ni ule mguso wa kukata au kuunga umeme, ndani ya swichi, unaotoa cheche usiyoiona.

Kwenye mkoba nilikuwa na kipima gesi, kile chenye mdomo mrefu kinacholia kikikaribia bomba linalovuja, na nilikipenda sana kwa sababu nilikinunua kwa pesa yangu. Nikamtazama mzee. Akatikisa kichwa. "Pua imeshajibu," akasema. "Sisi tunalipwa kutafuta. Hapa tunaacha kutafuta." Tukapanda kinyumenyume, tukiuacha mlango wa besimenti wazi kama ulivyokuwa.

Yeye akatoka nje kumfuata dalali na yule dada. Bibi akaniachia mimi.

Sasa hili ndilo nisilofundishwa darasani. Kanuni unaikariri vizuri: watu watoke wote, usifungue madirisha ukapoteza muda, usipige simu ukiwa ndani, usibonyeze kengele, usiguse koki ya mita ukajifanya fundi. Lakini kanuni haikuambii utasema nini wewe, Mswahili mwenye lafudhi, uliyeajiriwa na mtu anayetaka kununua, umwambie bibi wa watu atoke kwenye nyumba yake mwenyewe, nje theluji imegonga magoti. Si mteja wangu. Kisheria hata kunisikiliza halazimiki.

Nikamwambia kuna harufu ya gesi chini, tutoke. Akasema harufu hiyo ipo tangu mumewe yu hai. Nilimwamini, na hapo ndipo nilipoogopa. Pua ikikaa na harufu huizoea, haiisikii tena. Bibi alikuwa akiongea habari ya kitu kidogo cha zamani, na kilichokuwa chini kwa wakati ule hakikuwa hicho. Mkono wake ukaenda kwenye birika. Nikasema, "Bibi, liache." Akanitazama vibaya. "Hii ni nyumba yangu."

Sikuwa na jibu. Koti lake lilikuwa limetundikwa mlangoni, zito, la kahawia. Nikalichukua, nikalifungua nyuma yake kama nilivyokuwa nikimshikia nyanya yangu buibui siku za kwenda hospitali. Basi. Yule bibi akanyamaza, akageuka, akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Ni mazoea tu, nadhani. Kuna mtu alikuwa akimshikia koti miaka mingi. Njiani akakumbuka simu ya ukutani, akataka kumpigia mwanawe. Nikamwambia tutampigia kutoka ng'ambo ya barabara, na nikazidi kutembea naye.

Nje mzee alikuwa akimfokea dalali, aliyekwisha kutoa ufunguo ili awashe gari lake lililokuwa limeegeshwa ubavuni mwa nyumba. Gari likaachwa. Tulivuka barabara, tukasogea nyumba tatu mbele, ndipo mzee akapiga 911, halafu namba ya dharura ya kampuni ya gesi. Mimi nikagonga milango ya majirani wa pande mbili. Kwa mkono, si kwa kengele.

Majira yale ya baridi watu hawakuhitaji kubembelezwa. Lawrence ni jirani zetu. Septemba 13, 2018 gesi ilisukumwa kwa shinikizo la kupita kiasi kwenye mabomba ya Lawrence, Andover na North Andover, moto na milipuko ikatapakaa nyumba kwa nyumba alasiri moja, na kijana wa miaka 18 akafa. Jirani wa kwanza alitoka na soksi.

Tukisubiri, mzee akamsimulia bibi, si mimi, habari ya New London, Texas. Machi 18, 1937, shule iliyokuwa ikitumia gesi isiyo na harufu yoyote. Ilivuja chini ya jengo bila mtu kujua, mwalimu wa ufundi akawasha mashine ya msasa, na karibu watu 300 wakafa, wengi wao watoto. Gesi asilia haina harufu. Hii tunayoisikia hutiwa makusudi, na kanuni za Marekani sasa zinataka mtu aweze kuisikia ikiwa imefika sehemu moja ya tano tu ya kiwango cha kuwaka, yaani kama asilimia moja ya hewa. "Kwa hiyo ukiisikia," mzee akamwambia, "bado una nafasi." Bibi akamjibu kwamba miguu inamganda.

Zimamoto walifika, kisha fundi wa gesi. Mambo yakaenda haraka. Kilichovuja ni bomba la mashine ya kukaushia nguo iliyokwisha kuondolewa: mtu aliivuta mashine, akaacha koki nzee bila kuiziba kizibo. Fundi akafunga gesi kwenye mita, akatundika kadi nyekundu ya onyo, akasema haitafunguliwa mpaka fundi bomba mwenye leseni atengeneze na mkaguzi wa mji aidhinishe. Ijumaa jioni, hiyo. Nyumba bila boila ya kuipasha joto, Februari.

Bibi akaenda kwa mwanawe. Usiku wa Jumamosi bomba la maji la jikoni likaganda, likapasuka.

Jumatatu mwanawe akapiga simu ofisini, sauti juu. Alitaka kujua tumeingia kukagua nyumba au kuiharibu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ataandika barua, na akaandika. Sijui walimalizanaje, wala sikuuliza. Nimewahi kujaribu kupima yale mawili, bomba la maji lililopasuka na lile lisilolipuka. Mizani inakataa, kwa sababu moja lina ankara na jingine halina kitu cha kuonyesha. Bibi huyo mpaka kesho anaweza kuwa anasimulia namna Mwafrika mmoja alivyomtoa nyumbani kwake kwa sababu ya harufu ya zamani.

Yule dada wa Bukavu mzee alimrudishia nusu ya malipo, maana besimenti hatukuimaliza. Machi akanipigia: "Kaka, ile nyumba imeuzwa. Mtu ameinunua bila ukaguzi, ndiyo maana walimchagua yeye." Nikamuuliza kama amesikitika. Akasema amesikitikia jiko tu, lilikuwa zuri.

Kiangazi akatuita tena, nyumba nyingine, kila kitu ndani yake kinatumia umeme, hakuna bomba la gesi hata barazani. Nilimwonyesha hayo kwenye karatasi kabla hatujavua viatu. Akaisoma yote, akanirudishia, akaniambia nianzie besimenti hata hivyo, yeye atasubiri nje.