Raba Moja Mfukoni

Mwaka 2009 nilikuwa nabeba begi la mjomba. Yeye fundi umeme. Mimi wa kushika ngazi, kuchimba ukuta kwa tindo na kutumwa dukani. Siku hiyo tulikuwa kwenye nyumba ya zamani Ngamiani, Tanga. Mama mwenye nyumba aliletewa friji na mwanawe, na jikoni palikuwa na soketi moja tu, nayo imeungua. Mjomba akamshauri tuvute laini mpya yenye soketi saba.

Kabla ya kugusa chochote alichomoa fyuzi za meni swichi akazitia mfukoni. "Mtu hawezi kurudisha umeme bila kuniomba," alisema.

Maboksi ya ukutani, yale soketi zinamokaa, yalikuwa ya chuma. Kupitisha waya unagonga kiduara kilichokatwa nusu ubavuni mwa boksi kwa bisibisi, kinadondoka, linabaki tundu la milimita 20 lenye ukingo mkali kama kifuniko cha kopo la maziwa. Ndiyo maana tundu huvishwa kwanza raba, pete ya mpira ya kuziba ukingo. Mjomba alinihesabia raba 13: maboksi sita yana matundu mawili mawili, waya unaingia na kutoka, la mwisho lina moja.

Boksi la tano lilikuwa nyuma ya kabati la vyombo. Nililala ubavu, vumbi la chokaa machoni, nikauvuta waya wa milimita mraba 2.5 mpaka ukaingia, nikauchuna. Hapo ndipo niliposikia raba bado iko mfukoni. Kuivisha, ningeutoa waya wote nianze upya. Tena ganda la nje nilikuwa nimelichuna mapema mno, likaishia nje ya boksi, kwa hiyo nyekundu na nyeusi zilipita pale ukingoni na ngozi yao nyembamba tu. Nikajiambia soketi itafunika. Nikaikaza skrubu zake mbili, na ikafunika kweli.

Jioni mjomba akatoa mega yake, ile ya kuzungusha kwa mkono. Inapeleka volti 500 kwenye waya ambao hauna umeme, na kama ngozi imechubuka mahali, inakwambia. Moto kwa nyutro, yaani nyekundu kwa nyeusi: safi. Moto kwa ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini: sindano ikalala kwenye sifuri, maana yake nyaya zimegusana mahali.

"Kuna kitu umechomeka?"

"Hakuna, mjomba."

Hakugomba. Akafungua soketi ya nne, akaachanisha waya, akapima nusu ya kwanza. Safi. Nusu ya pili, sifuri. Mimi nilishajua ni wapi, lakini mdomo ulikuwa mzito. Akafungua ya tano, akaingiza tochi, akanyamaza kidogo. Nyekundu ilikuwa imekatwa na ukingo mpaka shaba inang'aa, na shaba imelalia boksi.

"Bahati yako boksi ulilifunga ethi," alisema. "Ungeisahau na hiyo, pengine mega isingesema kitu. Halafu mama huyu anafuta ukuta na kitambaa kibichi, anagusa kichwa cha skrubu."

Mama mwenyewe alikuwa mlangoni na sinia la chai. Sikuweza kumtazama.

"Lete kidole." Akakipitisha kidole changu polepole kwenye ukingo wa tundu. Kilichanika kidogo, damu kidogo. "Sasa raba."

Nikaitoa mfukoni, imejaa vumbi. Akaipuliza, akanirudishia, akaenda kukaa kwenye kibaraza.

Nilivuta kipande kipya kutoka boksi la nne hadi la tano. Safari hii raba kwanza, kisha waya, na ganda la nje likaingia ndani ya boksi kama sentimita moja ndipo nikachuna. Nikaacha urefu wa kiganja ili soketi ivutike nje bila kukaza kitu. Mjomba aliporudi akazungusha mega. Sindano haikugusa tena sifuri. Akatoa fyuzi mfukoni.

Chai ilikuwa imeshapoa. Mama akaipasha upya, na friji ikaanza kunguruma.