Mimi wa zamani na mimi wa sasa: namna ya kuipanga insha ya kulinganisha

Swali la kulinganisha na kulinganua (kuonyesha kinachofanana na kinachotofautiana) maisha yako kabla na baada ya jambo fulani huonekana jepesi, kwa kuwa habari zote unazo kichwani. Ndiyo maana huwaangusha wengi. Mwandishi huanzia utotoni, akasimulia, akasimulia, na kufika ukurasa wa pili ameeleza maisha yake vizuri tu, ila hajalinganisha chochote. Masimulizi hufuata wakati. Ulinganishi hufuata vigezo.

Kigezo ni swali moja unaloziuliza pande zote mbili. Tuseme mwanafunzi alisoma shule ya kutwa hadi Kidato cha Pili, kisha akahamia ya bweni. Akiandika kwamba zamani alikuwa mtundu na sasa anapata alama nzuri, hajalinganisha: utundu ni jambo moja na alama ni jingine. Akiuliza "nilikuwa nikifanya nini nikishindwa na swali, na sasa nafanya nini?", hapo ana kigezo. Vingine viwili vinavyomfaa ni matumizi ya muda baada ya vipindi na matumizi ya pesa. Vitatu vinatosha. Ukiweka vitano katika insha ya maneno 400, kila kimoja kitapata sentensi mbili na hakuna kitakachoiva.

Hapa kuna mtego mwingine. Swali linauliza umebadilika vipi wewe, lakini wengi hulinganisha mahali. Utasoma aya nzima kuhusu kengele ya alfajiri, maharagwe na vitanda vya ghorofa, na mwenye insha haonekani popote. Kengele kulia saa kumi na moja ni habari ya shule. Kuamka kabla haijalia, bila kuitwa na mtu, ndiyo habari yako.

Kabla ya kuandika sentensi hata moja, chora jedwali la safu nne: kigezo, zamani, sasa, na kisichobadilika. Katika kila kisanduku andika tendo, wala si sifa. "Mvivu" ni sifa. "Nilikuwa nikinakili kazi ya ziada asubuhi darasani" ni tendo, na msomaji atajua mwenyewe kwamba ulikuwa mvivu. Kisanduku kikikataa kujaa, badilisha kigezo, usilazimishe. Safu ya nne ndiyo inayorukwa sana, na kwa maoni yetu ndiyo inayotenganisha insha nzuri na ya kawaida. Swali limetaka kulinganisha pia, yaani kuonyesha kinachofanana. Mtu anayedai amebadilika kila kitu haaminiki.

Weka pia mpaka wa wakati: muhula fulani, kuhama, kuzaliwa kwa mdogo wako, kuanza kazi. "Zamani" isiyo na mpaka huyumba. Aya hii ni miaka sita iliyopita, ile ni mwaka jana. Sababu ya mabadiliko nayo ipewe nafasi yake, aya moja fupi baada ya utangulizi, la sivyo utajikuta ukiirudia katika kila kigezo.

Muundo una njia mbili. Ya kwanza ni kumaliza upande wa zamani wote, kisha upande wa sasa wote. Hii huwafaa wanaoandika kurasa nyingi kwa utulivu nyumbani. Katika chumba cha mtihani ni hatari: muda ukikuishia, upande wa sasa unabaki mistari mitano, na insha inalegea upande mmoja. Njia ya pili ni kwenda kigezo kwa kigezo, zamani na sasa ndani ya aya moja. Tunaipendekeza hii. Hata ukikatizwa, aya ulizomaliza zimekamilika.

Kwa mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili ina insha mbili za alama 20 kila moja, kwa saa 1 na dakika 45, na kila insha isipungue maneno 400. Hiyo ni kama dakika 52 kwa insha: 10 za jedwali, 35 za kuandika, 7 za kusahihisha. Maneno yagawe hivi: utangulizi 50, sababu ya mabadiliko 50, vigezo vitatu kwa 90 kila kimoja, hitimisho 40. Jumla ni 410.

Aya ya kigezo huwa hivi:

"Nikiwa shule ya kutwa, swali la Hisabati lililonishinda nilikuwa nikilifunikia ndani ya daftari hadi mwalimu aliandike jibu ubaoni, nami nikanakili bila kujua limetoka wapi. Siku hizi humpelekea mwenzangu wa dawati, naye likimshinda, twamwendea mwalimu pamoja. Hata hivyo, bado sijaweza kuinua mkono mbele ya darasa zima."

Tazama vitenzi. Mazoea ya zamani hubebwa na "nilikuwa nikifanya". "Nilifanya" peke yake husomeka kama tukio la siku moja. Mazoea ya sasa hubebwa na "hu-", ambayo haibebi nafsi wala ukanushi: mimi husoma, ila kinyume chake ni sisomi, au huwa sisomi. Kisichobadilika kina "-ja-": sijaweza, sijazoea. Wanaochanganya nyakati hizi humwacha msomaji akikisia kama tabia iliisha au ingalipo.

Viunganishi navyo vina masharti. "Bali" hutaka ukanushi uitangulie: sikuwa mkimya kwa adabu, bali kwa woga. "Licha ya" hufuatwa na nomino au kitenzi-jina (kama "kusoma"), "ingawa" hufuatwa na sentensi. "Kwa upande mwingine" hudai uwe umeutaja upande wa kwanza. "Ilhali" hukaa vizuri katikati ya hali mbili zinazopingana. Kila sentensi ya pili ikianza kwa "lakini", vunja: wakati mwingine nukta peke yake inatosha, na tofauti inaonekana.

Mapambo ya kukariri yaache. Jua kuchomoza na ndege kuimba havisaidii kigezo chochote. Methali moja inayobeba hoja ni sawa. Tatu katika utangulizi ni kujaza karatasi. Hitimisho nalo lisigeuke mahubiri kwa "vijana wenzangu". Taja badiliko lililokugharimu zaidi na sababu yake.

Katika zile dakika 7 za mwisho, pigia mstari mwembamba wa penseli kila palipo na zamani, na alama ya vema kila palipo na sasa. Aya yenye mistari mitatu na vema moja iongezee sentensi ya upande wa sasa kabla hujagusa tahajia, kisha ufute penseli yote.