Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya makombora

Saa 12:15 asubuhi, Bombo

Teksi za Kampala huku kwetu hazina ratiba. Zinaondoka zikijaa, na zikishajaa kondakta bado hupata nafasi ya wawili. Nimekaa nyuma ya dereva, begi mapajani. Ndani ya begi kuna michoro ya rada na hesabu za masafa, karatasi ambazo mama akiziona atadhani binti yake kajiandikisha jeshini kimyakimya.

Mimi ni mtangazaji. Kila Alhamisi saa 11 jioni nina saa nzima ya Kiswahili katika redio moja ya Kampala; tunachukua jambo moja la dunia na kulichambua ili mtu wa Kisenyi na mtu wa Koboko waelewe sawasawa. Leo ni Akash, kombora la India la kutungua ndege. Wasikilizaji wamelidai tangu Mei 2025, India na Pakistan ziliporushiana makombora na droni, na India ikajigamba kwamba mfumo wake wa nyumbani ulifanya kazi.

Bombo ni mji wa kambi, kwa hiyo humu ndani ya teksi kila mtu ni mtaalamu. Tulipofika Matugga baba mmoja aliyekaa mbele alikuwa ameshaeleza vita vyote kwa dereva: kombora ni risasi kubwa tu, unalenga, unapiga. Nikanyamaza. Saa 11 atanisikia akitaka.

Saa 2:30 asubuhi, mkutano wa wahariri

Mhariri wangu ni mtu mwema lakini ana swali moja la kila wiki: "Mwendesha boda wa Wandegeya hii inamhusu nini?" Nikamjibu kwa majina mawili, Entebbe na Musoma. Akakubali, kwa sharti kwamba hatuchunguzi silaha za jeshi letu. Sina ugomvi na hilo. Kipindi kinahusu India, na mimi nataka kulala nyumbani usiku.

Saa 3 hadi saa 7 mchana, mezani

Hapa ndipo siku yangu inapoliwa. Taarifa za silaha zinaandikwa na watu wa aina mbili, wauzaji na mashabiki, na wote wawili wanapenda kombora lenyewe: urefu karibu mita 6, uzito kilo 720, kilo 60 hivi za kichwa cha mlipuko, mwendo mara mbili na nusu ya sauti, shabaha umbali wa kilomita 25 au zaidi kidogo. Picha zake ni nzuri, moshi mweupe na anga ya buluu. Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kombora ni sehemu ndogo ya hadithi. Kazi yenyewe iko kwenye rada.

Betri moja ya Akash, yaani kikosi kimoja na mitambo yake, ina rada iitwayo Rajendra na mitambo minne ya kurushia, kila mtambo na makombora matatu. Rada hiyo inaweza kufuatilia vitu 64 angani kwa pamoja, na betri ikashambulia vinne kwa mkupuo. Antena yake haihitaji kuzunguka kila inapohamisha mwali wake wa mawimbi, kama zile za zamani. Imepangwa vijenzi vidogo vinavyokaribia 4,000, na mwali unaelekezwa kwa kubadili mawimbi yanayopita katika kila kimoja. Hivyo vijenzi ndivyo vilivyowatoa jasho. Nchi saba tajiri zilipokubaliana mwaka 1987 kubana biashara ya teknolojia ya makombora, Wahindi hawakuwa na duka la kwendea. Chuo cha IIT Delhi kikaingia katika kubuni, viwanda vya ndani vikajifunza kutengeneza.

Na kombora likiwa hewani, kwa toleo la kwanza, halijioni linakokwenda. Rada ya chini inaliangalia, inaiangalia na shabaha, kompyuta inapiga hesabu, kisha inalitumia amri: kata kushoto, panda, shuka. Likikaribia, fyuzi, yaani kifaa cha kuwashia mlipuko, inahisi kuna kitu jirani na kulipua. Halihitaji kuigusa ndege hata kidogo. Vipande vya chuma vinamaliza kazi. Injini yake inavuta hewa ya nje kuchomea mafuta, kwa hiyo inaendelea kusukuma njia nzima. Roketi ya kawaida huwaka sekunde chache tu halafu inakwenda kwa nguvu iliyobaki, na rubani mjanja akikata kona kali inaweza kumkosa.

Umeme ulikatika saa 5, jenereta ikawaka, ikazima, ikawaka. Tuendelee.

Kitu nilichokizungushia wino mwekundu ni tarehe. Mradi ulianza 1983, chini ya A.P.J. Abdul Kalam, mhandisi ambaye baadaye alikuwa rais wa India. Yalikuwa makombora matano ya mpango mmoja: Prithvi, Agni, Trishul, Nag na Akash. Akash liliruka mara ya kwanza mwaka 1990. Jeshi la nchi kavu lilikabidhiwa rasmi Mei 2015. Hesabu mwenyewe: miaka 32. Trishul, ndugu yake wa masafa mafupi, halikufika. Mradi wake ulifungwa 2008. Na hata Akash halikutoka hewani tupu, kwa kuwa wazo la injini linafuata kombora la Kisovieti la Kub ambalo India ilikuwa nalo tayari. Watu wanaposema "limeundwa nyumbani" huwa wanasimulia kana kwamba kuna asubuhi moja mtu aliamka na kulichora. Mimi naliona rundo la majaribio pale Chandipur, pwani ya Odisha, na watu waliozeekea ofisi moja.

Saa 7:20 mchana

Kikomando, chapati mbili na maharage, nimesimama. Sina zaidi la kusema juu yake.

Saa 8:30 mchana, mgeni anafika

Mgeni wangu ni mzee wa Bombo, jirani ya mjomba wangu, aliyekuwa kwenye mizinga ya kutungulia ndege miaka ya sabini. Hataki jina lake litajwe, na kwa sauti yake nusu ya Bombo itamjua hata hivyo. Nikamwamkia, nikamwita afande, akacheka: "Afande nilimwacha kambini, binti yangu. Niite mzee."

Nikamwomba anieleze walivyokuwa wakilenga kabla ya kompyuta. Hakujibu. Alisimama kwenye dirisha, akaunganisha kidole gumba na cha shahada kuwa duara, akaunyosha mkono. Juu ya paa la jengo la mbele kaloli mmoja alikuwa anaondoka, yale madege makubwa yenye upara yanayokula taka zetu. Mzee akamfuata na duara, lakini kaloli hakuwa katikati. Mzee alimweka ukingoni kabisa mwa duara, mkono ukitangulia mbele polepole, shingo imekaza, jicho moja limefungwa. "Hapo alipo sipapigi," akasema. "Napiga anapokwenda. Na akigeuka, nimepoteza risasi."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu kompyuta za kuongozea makombora na hakuna iliyonieleza vizuri namna hiyo. Rada ya Rajendra inafanya kazi ileile ya mkono wa mzee, isipokuwa kaloli akigeuka inajua papo hapo na kulielekeza upya kombora lililo hewani.

Kisha nikamwuliza juu ya Musoma. Mwishoni mwa 1978, vita vya Kagera vikiwa vimepamba moto, askari wa ulinzi wa anga wa Tanzania pale Musoma walizitungua ndege tatu za kivita za Tanzania yenyewe. Nilitegemea acheke, maana wakati ule walikuwa adui zake. Hakucheka. "Kijana yuko kwenye mzinga, ameambiwa ndege za Amin zinakuja, anasikia mngurumo. Ana sekunde ngapi? Kupiga ni rahisi. Kazi ni kuzuia mkono."

Hapo ndipo gharama ya mifumo ya kisasa ilipo, na magazeti hayapigi picha yake: kifaa cha kuuliza ndege kwa mawimbi "wewe wa wapi?" na ndege ya nyumbani kujibu kwa siri, nyaya na redio za kuunganisha betri na makao makuu, watu waliofunzwa kungoja jibu.

Saa 11:00 jioni, hewani

Nilianza na Entebbe kwa sababu kila Mganda ana jamaa anayedai alisikia milio usiku ule wa Julai 1976, makomando wa Israeli walipokuja kuokoa mateka. Ndege za Hercules za Israeli zilipita juu ya Bahari ya Shamu zikiwa chini sana, mita 30 hivi juu ya maji, kukwepa rada za nchi za kandokando. Kwa nini chini? Kwa kuwa dunia ni mviringo na mawimbi ya rada yananyooka. Nilikuwa nimepiga hesabu: antena ikiwa kimo cha mita 10 na ndege mita 30, utaiona ikiwa imebakiza kilomita 35 hivi. Ndege ya kivita yenye mwendo wa mita 250 kwa sekunde inamaliza kilomita hizo kwa dakika mbili na sekunde ishirini. Ndani ya muda huo uione, uitambue, uombe ruhusa, urushe, na kombora nalo linahitaji nusu dakika kufika kilomita 25. Fundi mitambo wetu, ambaye huwa anasoma matokeo ya mpira vipindi vyangu vikiendelea, aliinua kichwa.

Simu zikaanza. Wa Kawempe alitaka kujua nani kanunua. Armenia, nikamwambia, mkataba wa 2022, na mfumo wa kwanza ukapelekwa Novemba 2024. Wa Busia aliuliza kwa nini dada anazungumzia silaha badala ya mapishi. Mzee alimjibu kabla yangu, na sitayaandika majibu yale hapa.

Wa tatu, kijana wa Makerere, aliuliza lile nililokuwa nalisubiri: sisi je, tunaweza? Nikamtajia PearlAfricaSat-1, setelaiti ndogo ya Uganda iliyopaa Novemba 2022, ikiwa imeundwa na wahandisi wetu waliofundishwa Japani, na gari la Kiira lililoonyeshwa 2011 hapo hapo chuoni kwake. Uwezo wa kuanza tunao. Lakini nikamwambia ninavyofikiri, na naandika hapa vilevile: sina hamu ya kuiona Uganda ikitengeneza kombora, hospitali zetu zina njaa zaidi. Ninachowaonea wivu Wahindi ni ile miaka 32. Bajeti iliyoendelea kutoka serikali zikibadilika, jaribio likifeli mhandisi anarudi mezani kesho yake na mshahara unaingia. Mradi wetu ukichelewa miaka mitatu tu tunauundia tume ya uchunguzi. Kijana hakuridhika. Alisema India nayo ina hospitali zenye njaa. Ni kweli, na muda wa matangazo ya biashara ulikuwa umefika.

Saa 12:10 jioni

Nimemsindikiza mzee hadi stendi ya boda. Alikataa nauli, kisha akaipokea, kisha akaniambia nimekuwa nikitaja jina la ile rada kwa haraka mno. Salamu kwa mjomba.

Saa 1:40 usiku, ndani ya teksi, foleni ya Bwaise

Hapa ndipo nasikiliza ujumbe wa sauti uliokosa nafasi. Mingi ni sifa na lawama. Mmoja umetoka kwa mama anayeuza mboga sokoni Arua, kwa nyuma nasikia watu wakibishana bei: "Dada, hicho wanachokitungua huko juu, kinaangukia nani?"

Saa nzima hewani na hakuna aliyeuliza hilo, mimi nikiwemo. Kombora la kilo mia kadhaa likikutana na droni au ndege juu ya mji, vyuma havipotei. Vinashuka, vya adui na vya mlinzi pamoja, vimetawanyika eneo kubwa, pengine na baruti isiyolipuka. Ndiyo maana Israeli, yenye mfumo wa Iron Dome wa kutungua maroketi tangu 2011, kwa miaka mingi iliwaelekeza raia wabaki kwenye hifadhi dakika kumi hata baada ya kishindo kusikika. Mlinzi ana nafasi ndogo ya kuchagua: apige mapema, mbali, juu ya shamba la mtu, au achelewe na vyuma viangukie mtaani. Betri ikiwekwa mahali pabaya, uamuzi huo umeshafanywa na aliyechora ramani.

Nikamjibu kwa sauti, kondakta akinitazama kwa jicho la pembeni kila nikitaja baruti. Kisha nikamwandikia mhariri: Alhamisi ijayo tuanze na swali la mama wa Arua.

Akajibu kabla hatujafika Kawempe. Sukari imepanda, wiki ijayo ni sukari.