Virusi vimefubaa, mume wangu yuko salama
Jamani watu wangu wa Kigoma leo naongea wazi. Mimi naishi na VVU, mume wangu hana, na tuko pamoja hapahapa Ujiji, mtoto wetu nae kapimwa hana. Mama mkwe alikua ananitengea kikombe na sahani yangu, yaani iliniuma sana, vikombe haviambukizi!! Nikamuomba twende wote kliniki, nesi akamfungulia kadi, akamwambia mama, mkwe wako anameza dawa kila siku, kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha vimefubaa, yaani vimebaki vichache mno kwenye damu, akiendelea hivi hawezi kumuambukiza mumewe kwa kujamiiana. Mama akauliza hata bila kondomu? Nesi akasema hata bila, ila kondomu inazuia kaswende na kisonono, magonjwa ambayo vidonge vya VVU havizuii. Kuna utafiti wa PARTNER Ulaya, majibu yalitoka 2016, wapenzi kama sisi wamekutana karibu mara 58,000 bila kondomu na hakuna hata mmoja alieambukizwa na mwenza wake ambae virusi vimefubaa. Sifuri kabisa. Sasa hivi mama ndo ananigongea, we mwanangu, umemeza dawa? Na migebuka tunakula sahani moja.