Dakika 29 kutoka Kisauni hadi Chake

Tangu usiku wa Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Wete, Pemba, na mamia ya watu wakapotea, mama hakukanyaga tena chombo cha bahari. Kaka yake wa tumbo moja yuko Wete. Miaka yote hiyo wakawa watu wa kusikiana kwa simu tu. Mwaka huu mjomba macho yakaanza kumsumbua. "Nataka anione kabla hajaacha kuona," mama akaniambia. Nikakata tiketi mbili za ndege.

Kiwanjani Kisauni, hapa Unguja, wakatupima. Si mizigo peke yake: mtu na mkoba wake juu ya mizani, mmoja baada ya mwingine. Mama aliona haya. Nikamweleza kuwa ndege yetu ni Caravan, ina injini moja puani na siti zisizofika 15, kwa hiyo rubani lazima ajue uzito wote ili apange nani akae mbele na nani nyuma.

"Kama ngalawa," akasema.

Ndivyo hasa.

Tuliruka saa 2:31 asubuhi. Mama alishika tasbihi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akanibana kifundo cha mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Kisauni hadi kiwanja cha Pemba, kule Chake Chake, ni kama kilomita 125. Ndege ya aina ile hukata karibu kilomita 300 kwa saa, basi hesabu inakupa dakika 25, ongeza kidogo za kupaa na kutua. Lakini zaidi ya nusu ya njia ni bahari, na hapo ndipo nilipomhofia mama.

Tuliiacha Unguja kupitia pwani yake ya mashariki. Maji yalikuwa yamekupwa, mashamba ya mwani yakaonekana kama mistari ya daftari. Kushoto kikapita kisiwa cha Mnemba, kidogo, kimezungukwa na mchanga mweupe. Halafu rangi ikabadilika ghafla: kutoka kijani cha maji mafupi hadi buluu nzito, karibu nyeusi. Unguja na bara zimetenganishwa na bahari isiyo na kina kirefu. Pemba imezungukwa na kilindi. Mama alichungulia mara moja tu. Midomo yake ilikuwa ikitembea, na nilijua anawasomea nani.

Hakulia. Alisoma mpaka vilima vikatokea mbele, mikarafuu imeshikana juu yake. Waarabu waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, na kutoka juu jina lile halihitaji maelezo.

Magurudumu yaligusa lami saa 3:00 kamili. Dakika 29.

Mjomba hakuwepo. Alipiga hesabu za boti, akajua tutachelewa, hivyo alikuwa bado njiani na mjukuu wake kutoka Wete. Tulimsubiri nje, kwenye kivuli, karibu saa nzima. Mama hakulalamika hata neno. Alikuwa akipapasa ukingo wa buibui na kutazama barabara.

Daladala ikasimama. Mjomba akashuka akishikwa mkono, akamwendea mama mpaka nyuso zao zikakaribia kugusana. Akamshika mashavu. Akamtazama, akamtazama.

"Ni wewe," akasema. "Umekonda."